Hereni Zilizorudi Zikilia

Nilizisikia kabla sijaziona. Kling, kling, kling: dhahabu ikigonga ubavu wa bakuli la bati, ikija kwa mwendo wa mtu mzito kwenye kijia cha kwetu. Nilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya lori, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, na nikajua palepale. Nikapiga kichwa kwenye ekseli kwa hasira.

Bakuli lile liliondoka kwetu Ijumaa baada ya swala, limefunikwa kitambaa cheupe, hereni ndani. Sisi watu tuliotoka Kasongo tuna desturi yetu. Bakuli la hereni likipokelewa kwa akina binti, linarudi limejaa chumvi, na chumvi haina sauti. Likirudi linalia, umekataliwa, na mtaa mzima unasikia. Ndiyo maana wazee walichagua bati. Wangeweza kuchagua kikapu, lakini hawakutaka mtu akataliwe kimyakimya.

Nilipotoka chini ya lori, aliyebeba bakuli alikuwa amekwisha simama mlangoni. Alikuwa Tata Badibanga, baba mdogo wa Mbelu, binti niliyemposa, ndani ya abakosti, ile suti isiyo na tai, ya kahawia, iliyombana shingo. Nkambo Amisa, mama wa baba yangu, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki, alikuwa kwenye kiti chake kifupi akichambua maharagi. Hakuinua kichwa.

“Jambo, mama,” akasema Tata Badibanga.

“Jambo, tata. Umeniletea chumvi?”

“Mama, mi nko mutumwa tu. Usinipige.”

“Sijapiga mtu. Bado.”

Tata Badibanga alifuta jasho, akaliweka bakuli chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Likalia hata hivyo.

“Ndugu yangu Tshilombo anasema… anasema hii bitu haiko zahabu. Ni shaba ya kusugua. Na majiwe ni malakiti. Anasema malakiti aliipasua maisha yake yote kule mugodini, hawezi kuozesha mutoto wake na malakiti.”

Maharagi yalisimama mkononi mwa Nkambo.

Ngoja nieleze jambo, kwa sababu hata leo nikilikumbuka damu inanipanda. Mwaka mzima tulikuwa tumepigania ndoa hii. Mimi Mwislamu, mjukuu wa wafanyabiashara wa Kasongo. Mbelu Mkristo, baba yake Mluba wa Kasai aliyeletwa Kolwezi kijana kufanya kazi ya mgodi. Tulibishana juu ya dini, tukamaliza. Tulibishana juu ya kabila, tukamaliza. Tulibishana watoto wataitwa majina gani, katika nchi ambayo serikali yenyewe ilikuwa imekwisha tunyang'anya majina ya Kizungu, tukamaliza hata hilo. Milima yote tulipanda. Halafu tukajikwaa kwenye jiwe dogo kuliko punje ya hindi!

Na hereni zenyewe! Kila moja ni ua la dhahabu lenye petali zilizochongwa nyembamba kama kucha ya mtoto mchanga. Katika kila petali limekaa jiwe la feruzi. Katikati ya ua kuna lulu, na chini yake inaning'inia lulu nyingine ndogo, inatikisika ukipumua. Zilifika Kasongo zamani na mfanyabiashara aliyetoka pwani, akamvisha mkewe, na tangu hapo zinashuka toka sikio hadi sikio katika ukoo wetu. Ni kweli, feruzi imebadilika rangi. Nkambo na mama yake na mama wa mama yake walijipaka mafuta na manukato maisha yao yote, na mawe yakanywa. Yalikuwa na rangi ya mbingu, sasa yana rangi ya jani. Na hapa kwetu Kolwezi jiwe la rangi ya jani ni moja tu, malakiti. Ukipiga teke barabarani unalipiga. Mafundi wanachonga vibakuli vya majivu, tembo na mayai, wanawauzia wazungu wanaorudi kwao pamoja na sahani za shaba. Jimbo lenyewe wakati ule liliitwa Shaba! Tata Tshilombo aliona kitu cha manjano kinachong'aa na jiwe la kijani, akaamua. Hakuuliza. Alikuwa kapita, msimamizi wa wachimbaji mgodini, na kapita haulizi.

“Mwambie Tharcisse,” akasema Nkambo, akimwita Tata Tshilombo kwa jina lake la ubatizo, na kila neno likitoka peke yake, “mwambie mimi siuzi sahani za wazungu.”

“Mama, ile jina ya Tharcisse sasa haitakiwi…”

“Mwambie Tharcisse!”

Tata Badibanga akaondoka bila kunywa maji.

“Nkambo,” nikasema, “jambo hili ni rahisi. Kesho nazipeleka kwa sonara wa sokoni. Anazitazama, anasema ni dhahabu, ni feruzi, tunakwenda naye kwa Tata Tshilombo, imekwisha.”

“Hazipimwi.”

“Kwa nini?”

“Mama yangu hakupimwa.”

“Hatumpimi mama yako, Nkambo! Tunapima hereni!”

“Ukizigusa, Alimasi, utaoa hilo lori lako.”

Akachukua bakuli, akaingia nalo chumbani. Kling, kling. Nikasikia sanduku likifungwa kwa ufunguo. Nilisimama pale uani na grisi yangu nikisaga meno. Ukiwa na ukweli mkononi na mwenye ukweli huo anakukataza kuuonyesha, utafanya nini? Nilipiga teke tairi. Mguu uliuma siku mbili.

Nilimkuta Mbelu kwenye baraza yao, nyuma ya cherehani ya mama yake, akishona sare za wanafunzi. Alinitazama mara moja, akarudi kwenye sindano.

“Usianze,” akasema.

“Sijasema kitu.”

“Uso yako inasema. Inapiga makelele.”

“Baba yako amesema hereni za Nkambo ni shaba.”

“Najua. Mi nilikuwa hapa. Nilimuambia, tata, tuite mutu anayejua. Akasema: mutu anayejua ni mi.” Alikata uzi kwa meno. “Na yako? Nkambo yako anasema nini?”

“Hazipimwi.”

Mbelu akaacha kushona. Aliweka mikono miwili juu ya meza ya cherehani, akafumba macho kama mtu mwenye homa.

“Bazee babili,” akasema. “Mumoja hataki kuuliza, mwingine hataki kujibu. Na mi nitazeekea hapa nikishona makaptula.”

“Nitazungumza na baba yako.”

“Alimasi, hapana.”

“Kwa heshima.”

“Weye? Na heshima? Ngoja mi niongee naye. Jumapili, kisha misa, akikula vizuri. Unasikia? Usimufuate.”

Nilimwambia nimesikia. Na nilikuwa nimesikia kweli. Lakini Jumapili ina Jumamosi kabla yake, na Jumamosi ilikuwa salongo.

Asiyekuwako miaka ile ajue kwamba salongo ilikuwa kazi ya wote, kwa amri ya serikali. Asubuhi kila mtu, mkubwa na mdogo, anatoka na jembe, pauro au fagio, anasafisha mitaro na njia. Ukikosa, unaitwa ofisini. Basi Manika, sehemu yetu ya mji, yote ilikuwa nje. Msimamizi wa mtaa wetu, Kisimba, alikuwa na filimbi, na aliipenda filimbi ile kuliko usafi. Mimi nilipangiwa mtaro wa upande wa soko. Nilishuka na pauro yangu, nikainua kichwa, na ng'ambo ya maji machafu, amefunga kitambaa kichwani, mikono kiunoni, alikuwa Tata Tshilombo.

Alinitazama kwa furaha. Furaha kabisa! Kama mtu aliyengojea mgeni.

“Ah, Alimasi! Bantu, muone! Kijana anaitwa Alimasi, lakini anatuletea malakiti!”

Watu wakacheka. Nikachota tope, nikatupa pembeni. Nilijiambia: heshima.

“Jambo, tata.”

“Kwetu Mbuji-Mayi, kuku anachakura takataka, anatoa alimasi ya kweli. Weye nyumba yote mulichakura, mukapata tu ile?”

“Tata, lile jiwe si malakiti. Linaitwa feruzi.”

“Fe-nini?”

“Feruzi.”

“Mi nilitumika hapa, nilitumika Likasi, nilitumika Kipushi. Sijaona mugodi ya feruzi. Inatoka wapi?”

“Uajemi.”

“Ni wapi kule?”

Na hapo, mbele ya mtaa mzima, nilifikiri nimjibuje. Mimi sikusoma sana. Nilijisomea mwenyewe, kwenye lori, kati ya Mutshatsha na Sandoa, vitabu vilivyokosa kurasa.

“Mbali,” nikasema.

“Aaa! Mbali!” Aligeukia watu, mikono juu. “Inatoka Mbali! Bamama, munajua Mbali? Iko kisha Dilolo?”

Walicheka mpaka mama mmoja akaketi kwenye ukingo wa mtaro. Kisimba alipuliza filimbi ili watu warudi kazini, lakini naye alikuwa anacheka, filimbi ikatoa sauti ya kuku anayekabwa. Ndani yangu kitu kilikatika. Maneno hayakunitoka mdomoni kama maneno ya kawaida. Yalitoka yamekwisha jipanga:

“Mzee taa kichwani, mbona hujaona mwanga?
Umechimba mashimoni, ukabaki na mchanga!”

Halafu kicheko kilichopita kile cha kwanza mara kumi, na hiki hakikuwa cha kunicheka mimi. Filimbi ya Kisimba ikadondokea mtaroni. Kijana mmoja akarudia ubeti, mwingine akaupigia pauro kwenye jembe, na kabla sijafunga mdomo wangu, ubeti ulikuwa umekwisha vuka njia kwenda sokoni bila mimi.

Tata Tshilombo alifungua kitambaa kichwani, akakikunja, akakitia mfukoni. Akaokota pauro yake, akaondoka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anatembea kama mzee.

Fagio likanipiga mgongoni. Nyuma yangu alikuwa Mbelu.

“Ulisikia kwa sikio gani? Nionyeshe nilitoboe!”

“Alinitukana, Mbelu. Mbele za watu.”

“Alikutania! Kutania! Kwetu mutu hataniani na mutu asiyemutaka. Toka bakuli irudi kwenu, tata alikuwa anatafuta namna ya kupatana na weye. Asubuhi ya leo alisema: nikimuona ule kijana nitamutania kidogo, akinitania na yeye, tutakunywa naye chai, tutaongea. Alijitayarisha! Ile ya kuku, alinijaribishia nyumbani!” Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anayafuta kwa mkono wenye tope. “Alikuwa anangoja umujibu kwa muchezo. Weye ukamwambia kazi yake yote ni muchanga.”

“Mimi sikujua.”

“Hukuuliza. Uko sawasawa na yeye.”

Akaokota fagio lake, akaenda.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Niliingia nikamkuta Nkambo amesimama katikati ya uwanja, mikono nyuma.

“Ulisema mbele za watu?”

“Ndiyo.”

“Irudie.”

“Nkambo…”

“Irudie, nisikie kama ilivyotoka. Mwamini muuza mkaa ameniletea nusu.”

Nikairudia, nikitazama chini. Nilipoinua macho, mdomo wake ulikuwa unatetemeka upande mmoja. Kwa muda mfupi nilifikiri analia.

“Vina vimekaa,” akasema. “Sasa oga. Vaa shati jeupe. Tunakwenda kuomba radhi.”

Mkwe akitukanwa na kijana, mzee wa kijana ndiye anayekwenda kuyaondoa maneno. Hilo Nkambo hakulijadili. Alivaa kanga zake za Idi, akajifunga kilemba, akaingia chumbani, akatoka na bakuli.

“Unalipeleka tena?”

“Sipeleki. Nalibeba. Siwezi kuliacha nyumbani bila mtu.”

Njia nzima lilikuwa linalia. Kling, kling. Watu walisimama kutazama bibi aliyenyooka kama mlingoti na kijana mwenye shati jeupe nyuma yake, na watoto wawili walinifuata wakiimba ubeti wangu kwa sauti nzuri kabisa. Sijawahi kuchukia vina namna ile.

Kwa Tata Tshilombo tulikaribishwa. Mama Tshibola, mama yake Mbelu, alileta viti, akaleta maji, akakaa kando na uso wa mtu aliyechoka na wanaume. Juu ya bufeti, lile kabati la vyombo, kwenye kitambaa cha kufuma, lilikuwako yai kubwa la malakiti. Tata Tshilombo aliketi chini yake kama hakimu.

“Mama Amisa,” akasema.

“Tharcisse.”

Alitupa jicho dirishani. “Mama, ni Tshilombo sasa.”

“Nimekujua Tharcisse, nitazikwa nikikujua Tharcisse. Nimekuja kuondoa maneno. Mjukuu wangu ana ulimi mrefu. Aliupata kwa babu yake, Mungu amrehemu. Alichosema leo ni kibaya. Kazi yako si mchanga. Shaba yote inayopita hapa kwa treni, mkono wako umo.” Akanigeukia. “Sema.”

“Tata, unisamehe,” nikasema. “Sikujua ulikuwa unanitania. Nilifikiri unanidharau.”

Tata Tshilombo aliitikia kwa kichwa polepole. “Maneno ya mutaroni imepita,” akasema. “Na maneno ya musamaha niliisikia. Imekwisha.” Kisha, kwa sababu Mungu hakumuumba binadamu yule ili watu wapumzike, akaongeza: “Lakini hereni ni malakiti.”

Nkambo alisogea kwenye kiti. Bakuli mapajani likalia.

“Ni feruzi.”

“Fungua tuone.”

“Sifungui.”

“Muone! Mutu mwenye zahabu anaficha?”

“Mwenye dhahabu ndiye anayeficha, Tharcisse. Wewe yai lako liko juu ya bufeti.”

“Mama, kama ni zahabu, unaogopa nini?”

“Simwogopi mtu aliyekaa chini ya yai!”

“Nkambo, nakuomba,” nikasema. “Zifungue. Mara moja tu.”

“Nyamaza.”

“Tata, basi tumwite sonara…”

“Sonara ajue majiwe kunipita mi?”

Nilishika kichwa changu kwa mikono miwili. Naapa, wakati ule ningeweza kulichukua bakuli, hereni, yai na bufeti, nikavitupa vyote kwenye shimo la mgodi. Tulikuwa tumekwisha samehana! Tulikuwa tumekwisha maliza! Na walikuwa wanaanza tena mwanzo, kwa sauti ileile, na nguvu mpya.

Mbelu aliingia kutoka uani. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Nkambo, akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili kwa adabu kama binti anayepokea kitu kwa mama mkwe wake. Mtu akikupigia magoti namna ile huwezi kumnyima. Nkambo alijua, na Mbelu alijua kwamba anajua. Walitazamana. Mwishowe Nkambo akaachia bakuli.

Mbelu akainuka, akachukua na yai la baba yake, akasimama mlangoni penye jua. Akafungua kitambaa. Akaweka hereni moja kando ya yai, akainamisha kichwa.

“Tata, kuja.”

“Naona toka hapa.”

“Tata.”

Akaja, akivaa miwani.

“Tazama. Yai yako iko na mistari. Nyeusi, kijani, nyeusi, kijani. Sawa mbao.”

“Ndiyo malakiti. Malakiti yote iko na mistari.”

“Sasa tazama hii ya hereni. Mistari iko wapi?”

Tata Tshilombo akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Akakwaruza ua la dhahabu kwa ukucha, akalinusa, na mimi najua harufu ya shaba mkononi, na yeye anaijua kuliko mimi. Haikuwako.

“Iko na vumbi,” akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Nilikuwa nimekwisha simama. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Na kusema kweli, ubeti wa pili ulikuwa tayari.

“Ngoja,” akasema Mbelu. Alikuwa amechukua hereni ya pili. Aliigeuza, akaileta karibu na jicho. “Hii moja… hii petali ya chini. Hii jiwe iko na mistari.”

Nikafunga mdomo.

Tata Tshilombo aliipokea. Uso wake ulipanuka taratibu kama ugali unaoiva. “Malakiti,” akanong'ona. Kisha kwa sauti iliyofika barabarani: “Malakiti! Mi nilisema nini? Nilisema nini?”

“Moja, Tharcisse!” Nkambo alipiga goti lake. “Moja tu! Nyingine zote umekosea!”

“Ulijua?” nikamwuliza. “Nkambo, ulijua?”

Alivuta ncha ya kanga, akafuta mdomo. Ndipo nilipomwona amekaa mdogo kwenye kiti kile, na nikaelewa kwa nini hazipimwi.

“Nasoro, mume wangu, alinileta hapa nikiwa bibi harusi,” akasema, na alikuwa anamwambia Mbelu, si sisi. “Aliniambia ni mji mkubwa. Nikakuta vumbi na king'ora cha mgodi. Nikamwambia nirudishe kwa mama yangu. Akacheka. Nikavua hereni, ile moja, nikamtupia.”

“Ulimutupia wapi?” akauliza Mama Tshibola, akivuta kiti karibu.

“Mdomoni. Si ndiko alikokuwa anachekea?”

Mama Tshibola akapiga kofi la furaha.

“Ua liliruka, jiwe likatoka. Nasoro akapiga magoti sakafuni. Mtu mwenye kiburi kama huyu mjukuu wake, hajawahi kuinamia mtu. Akatafuta chini ya kitanda, chini ya masanduku, akachuja hata majivu ya jikoni kwa vidole. Hakulipata. Asubuhi akaenda barabarani, akaokota jiwe la kijani, akalisugua kwa tupa ya lori mpaka likawa dogo vile, akalibana mwenyewe kwa koleo. Limekaa upande kidogo, unaona? Akaniambia, Amisa, sasa hereni yako ni ya Kolwezi. Nikamwambia, ukimwambia mtu nitakutupia sufuria. Hakusema mpaka anakufa.” Akanyoosha mkono kuelekea hereni, akaurudisha. “Niliwaambia wote kwamba mawe ni yaleyale ya mama yangu. Ningesemaje sasa? Mtu akiona moja si la kweli, atasema yote si ya kweli.”

Tata Tshilombo alikuwa bado ameshika hereni kwenye kiganja chake kipana chenye makovu, akilitazama lile jiwe dogo lililokaa upande.

“Alilisugua vizuri,” akasema mwishowe. “Kwa tupa ya lori? Hapana, alilisugua vizuri sana.” Akakohoa. “Mama Amisa, hii moja ni ya kwetu. Siwezi kukataa jiwe ya kwetu.” Na hapo, kwa sababu hawezi kujizuia, akanigeukia, kidole juu: “Mzee taa kichwani, eh? Nani hakuona mwanga? Nani?” Alikuwa ameushika ubeti wote. Na alivitamka vina vizuri kuliko nilivyovitamka mimi.

Nilitaka kumwambia kwamba amekosea mawe yote isipokuwa moja. Nilitaka sana. Niliuma ulimi.

Mama Tshibola alikuwa amekwisha ingia jikoni. Alirudi na chumvi kwenye kopo, akaimimina katika bakuli mpaka likajaa, na Nkambo akatia kidole akaonja, kama mtu anayehakikisha kwamba hata chumvi hawamdanganyi.

Mbelu alivaa hereni ya kwanza. Lulu ndogo ikatikisika shingoni mwake. Ile ya pili, yenye jiwe la barabarani, hakuivaa. Aliifumba mkononi, akaja akasimama mbele yangu, na tope la salongo lilikuwa bado limekauka kwenye mkono wake.

“Mi pia niko na hasira, Alimasi. Unanijua.”

“Nakujua. Mgongo unauma bado.”

“Siku moja nitakutupia hii. Sijui lini, lakini nitatupa. Utafanya nini? Utanitungia shairi, watoto waimbe sokoni?”

Wazee wote walikuwa wakitega masikio bila aibu. Tata Tshilombo alivua hata miwani. Nilitazama sakafu yao ya saruji. Mimi siinami. Mtaa mzima unajua kwamba siinami. Nikasema kitu, lakini kilitoka chini chini.

“Sauti!” akasema Nkambo. “Ulipokuwa mtaroni ulikuwa nayo!”

Basi nikaitoa sauti, hata wale watoto wawili waliokuwa bado wamesimama nje wakasikia:

“Mbelu, siku utakayonitupia, nitapiga magoti nitafute jiwe. Nitatafuta chini ya kitanda na ndani ya majivu, na nisipoliona nitakwenda barabarani niokote jingine nilisugue mwenyewe, na sitasema ubeti hata mmoja mpaka likae.”